Perere na Gorogoro Tano za Mawele

Perere hana ofisi. Ana mkuyu mmoja mzee juu ya mto Thuci, pale Embu inapoishia na Tharaka-Nithi inapoanza, na kila usiku hupanda tawi la juu kuwaambia wanyama wa ng'ambo zote mbili yaliyotokea mchana. Sauti yake si nzuri hata kidogo. Ni kama lango lenye kutu linalofunguliwa na mtu mwenye hasira. Hata hivyo, mbuzi wa Mbeere hawalali kabla hajawatajia bei ya muguka, yale majani ya kutafuna wanayolima na kuuza.

Kilichompa jina ni habari ya mfereji. Wiki tatu maji hayakufika kwenye mashamba ya chini, na kamati ya mfereji ikasema ni ukame. Perere akakesha. Saa nane za usiku akamwona Fisi, mwenyekiti wa kamati hiyohiyo, akiyageuza maji yaelekee kwake. Akapiga ukelele mpaka Chuka wakaamka. Asubuhi maji yalishuka. Fisi hakukanusha neno. Alilalamika tu kwamba siku hizi bonde lina kelele.

Novemba, Korongo akaja kutoka Ulaya na mvua za vuli, kama ajavyo kila mwaka. Akasimuliwa kisa cha mfereji akatokwa na machozi. Tuseme wazi kwamba hakuwahi kumsikia Perere mwenyewe, maana Korongo hulala jua likitua. Lakini alitoa ruzuku: gorogoro tano za mawele, kwa ajili ya kuimarisha sauti za pembezoni.

"Pembezoni mwa nini?" Perere akauliza.

Hakujibiwa, kwa kuwa ilikuwa zamu ya kupiga picha.

Gorogoro mbili zilikwenda kwenye warsha, na moja kwa Kunguru, aliyeteuliwa kuwa mratibu kwa sababu ndiye aliyekuwa na kalamu. Nyingine ililipia bango lenye sura ya Korongo, likapigiliwa misumari kwenye mkuyu. Iliyobaki ndiyo ya habari. Perere akaomba inunue tochi. Kunguru akapekua mkataba: vifaa haviruhusiwi.

Mzee Kobe alikuwa chini ya mti. Alikohoa, akasema mambo haya si mapya. Mwaka 1982 kule Homa Bay, UNESCO na serikali walifungua redio ya jamii, watu wakasikia habari za kwao kwa lugha ya kwao. Mwaka 1984 serikali hiyohiyo ikaifunga. "Mjukuu wangu, anayekupa kipaza sauti ndiye anayejua waya umechomekwa wapi."

"Babu, si afadhali atafute matangazo ya biashara?" akadakia Sungura, ambaye huwa na jawabu kabla ya swali.

"Kanuni za utangazaji za mwaka 2009 zinairuhusu redio ya jamii itangaze biashara za eneo lake tu. Sasa niambie, hapa Thuci mwenye biashara ya kutangazwa ni nani?"

Wote wakatazama upande wa shamba la Fisi. Sungura akakumbuka kwamba ana safari.

Machi ikafika, Korongo akaruka kurudi kwao. Huku nyuma fomu zikaanza. Wasikilizaji wangapi ni wa kike? Wangapi ni vijana? Ukelele mmoja umebadilisha mitazamo kwa asilimia ngapi? Perere, aliyezoea kuuliza nani kaiba maji, akajikuta akimwuliza kila panya umri wake. Panya hawakupenda. Wengine walidhani ni mambo ya kodi.

Warsha ikaangukia Mei 2024, katika hoteli moja mjini Meru, siku tatu, mchana kutwa. Perere ni mnyama wa usiku. Alihudhuria macho wazi na akili imelala. Alifundishwa namna ya kuandika kisa cha mafanikio. Usiku, badala ya kupanda mti wowote, alijaza ripoti ya kipindi cha kwanza.

Ni wiki hizo hasa kaunti ya Mombasa ilipopiga marufuku muguka, Kilifi na Taita Taveta wakafuata. Mbeere wakapata fununu tu kutoka kwa madereva wa pikapu. Mbuzi wakakaa macho, masikio kuelekea mkuyu. Kimya. Mbuzi mmoja wa Kiritiri, mwenye karo ya watoto shingoni, akaona heri nusu shari, akauza magunia yote kwa bei ya kutupa. Mnunuzi alikuwa Fisi. Mwezi haujaisha, Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri ile ya Mombasa. Fisi alikuwa amekwisha kupata habari. Yeye ana simu.

Ripoti ya Perere ilipokelewa vizuri. Ilisifiwa kwa viambatisho.

Novemba Korongo akarudi, akaitisha kikao chini ya bango lake. Alikuwa na swali moja lililomnyima raha: uendelevu. "Mimi nikiondoka, mtafanyaje?"

"Tutafanya tulivyokuwa tukifanya kabla hujaja," Perere akasema.

Kunguru akaandika: mnufaika hana mpango.

Jioni hiyo mvua ilikuwa kubwa, Korongo akalala papo hapo mkuyuni, tawi la chini. Saa saba za usiku Perere akapanda juu. Alikuwa na miezi ya habari kifuani: bei, mfereji uliogeuzwa tena, magunia ya yule Mbuzi wa Kiritiri na aliyeyanunua. Akavuta pumzi.

Kulipokucha Korongo, macho mekundu, alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kamati kushtaki kwamba kuna kiumbe mtini asiyeacha wageni walale. Fisi akamkaribisha chai, akachomoa daftari, akamwomba ataje malalamiko yake polepole ili asikose hata neno moja.