Kuku, Njia Moja na Treni Isiyo Yake

Miongoni mwa fedheha zinazoweza kumpata msafiri wa Reli ya Kati, hakuna inayochoma kama ya kukutwa akitafuna paja la kuku kwenye kiti cha mwenzake, ndani ya treni inayomrudisha alikotoka. Abiria anayezungumziwa hapa, ambaye kidonda chake bado kibichi, alikuwa na tiketi halali ya Kigoma.

Asili ya mkasa ni njia yenyewe. Reli hiyo, ambayo Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, ina upana wa milimita 1,000 na ni ya njia moja, maana yake treni za kwenda na za kurudi hupita palepale, na kwa hiyo haziwezi kupishana porini. Hupishana stesheni, ambako njia hugawanyika na kuungana tena mbele. Inayotangulia huingizwa pembeni ikangoja, kwa kuwa kipande kilicho kati ya stesheni mbili hakiruhusiwi kuwa na treni zaidi ya moja, na dereva, hata akiiona njia nyeupe mpaka upeo wa macho, haondoki kabla stesheni masta hajaafikiana na mwenzake wa mbele na kumpa idhini. Ni ajabu ya kupendeza: watu wawili wasioonana, kila mmoja kijumbani mwake, humiliki kwa maneno tu kilomita kadhaa za pori, na hata mkuu wa wilaya hapitishi treni humo bila ridhaa yao.

Utaratibu huo umezifikiria treni, abiria hayumo. Kungoja huko hulisha biashara ya chakula, ile iliyoipa Saranda, mkoani Singida, sifa ya kuku wake. Katika stesheni nyingine, ndogo zaidi, abiria alishuka, akabishania bei hadi akapunguziwa mia tano, na treni ya pili ikaingia ikasimama kati yake na ya kwanza. Mabehewa rangi moja, nyuso za uchovu uleule. Akapanda iliyo karibu. Paja lilikuwa limebaki mfupa alipotambua kwamba jua lililokuwa likimchoma shavu la kulia limehamia la kushoto.

Mkagua tiketi alimtoza nauli. Begi lilifika Kigoma peke yake.

Stesheni haikuwa na kipaza sauti wala kibao cha kuonyesha treni ipi yaenda wapi, na anayelipia upungufu huo ni yule asiyeambiwa. Mama muuzaji, ambaye hushinda juu ya kokoto za moto akilinda beseni lake bila hata kibanda cha kivuli, ndiye pekee aliyetoa tangazo siku hiyo, “Baba, yako ile ya kule!”, nalo likamezwa na honi.