Baraza la Waovu Ufuoni

Papa hakuweza kwenda porini, na Simba hakutaka kuingia majini, kwa hiyo wakakutana ufuoni siku ya bamvua, maji yakiwa yamejaa hadi mizizi ya mkuyu. Shauri lilikuwa moja: kuwakomesha Kima, Sungura na yule mwana wa mwisho wa Sultani Majinuni.

Kila mmoja alikuja na kidonda chake. Papa alimkosa Kima, aliyedai moyo wake ameuacha mtini. Simba alijificha nyumbani kwa Sungura. Sungura akaisalimu nyumba, naye Simba akaitikia! Nunda, paka aliyeanza na kuku akaishia kula watu, huuawa na mwana huyo kila hadithi yake inaposimuliwa. Fisi alifuata harufu.

Kukaa tu kulikuwa kazi. Fisi hakutaka kumpa Simba mgongo, Simba hakutaka Nunda akae asipomwona, basi wakawa wanazungukana mpaka nyayo zao zikachimba mfereji mchangani.

Katika ngano za Unguja alizochapisha Edward Steere mjini London mwaka 1870, Papa yumo katika kisa cha Punda wa Dobi na Nunda katika kile cha Sultani Majinuni, wala hawakutani. Naamini wasimulizi walijua walifanyalo. Waovu huweza kumchukia mtu mmoja kwa pamoja. Kulala karibu karibu ndiko kunakowashinda.

Walipotulia, Nunda akataka wagawane kabla ya kuwinda.

"Moyo wa Kima ni wangu," Papa akasema. "Ni dawa ya sultani wetu."

"Mimi humla mtu mzima," Nunda akajibu. "Huo moyo nitautoa wapi?"

Fisi akaomba mifupa yote. Simba akasema hakigawanywi kitu kabla hajachaguliwa mwenyekiti, na mwenyekiti ni yeye. Wakabishana hadi jua likawa utosini.

Sauti ikatoka mkuyuni: "Bwana Papa! Maji yanapwa!"

Alikuwa Kima.

"Usimsikilize!" Simba akanguruma. "Anataka kutuvunja."

Papa akakumbuka alivyomwamini Kima siku ile, akabaki pale pale.

Maji ya bamvua yakiondoka huenda mbali. Papa akajikuta kidimbwini, mgongo nje, mapezi yakipiga mchanga. "Jamani, nisukumeni kidogo."

Simba akasema suala la mwenyekiti halijaisha. Fisi alikuwa akidondokwa na udenda, na Nunda alikwisha kusogea.

Walimla bila kugawana. Simba akaburuta mkia wa Papa kuelekea vichakani, akichechemea, maana Fisi alimuuma mguu katika purukushani. Nunda akamaliza kichwa, akalamba mchanga, akainua macho. Bado alikuwa na njaa, na aliyebaki karibu alikuwa Fisi.

Fisi akakimbilia mkuyuni, akakwaruza gome kwa kucha zote, akaita: "Kaka Kima! Nisaidie, kaka!"