Rangi Isiyokauka, Magomeni

Vitabu vyote vya uchoraji wa rangi za mafuta vimeandikwa na watu wenye nyumba zao. Utalijua hilo ukifika ukurasa unaosema, bila wasiwasi wowote, kwamba picha iachwe mahali penye hewa na mwanga, pasipoguswa na mtu, kwa wiki kadhaa. Mimi nimepanga chumba Magomeni, nyumba ya vyumba sita na ua mmoja. Mahali petu pa namna hiyo ni juu ya paa tu, na huko kuna kunguru.

Tatizo ni mafuta yenyewe. Hukamuliwa kutoka kwenye mbegu za kitani, na hayakauki kwa kupoteza maji, kwa sababu hayana maji. Huvuta oksijeni kutoka hewani, polepole, mpaka yageuke utando mgumu. Rangi za udongo wa kahawia hushika baada ya siku chache. Nyeupe ya titani inaweza kujivuta wiki nzima na bado ikakuachia alama kidoleni. Wachoraji wa Tingatinga hawakutaka taabu hiyo: tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968, rangi yao ni ile ya kung'aa ya kupakia baiskeli, juu ya hadibodi. Jirani yangu fundi baiskeli hunikumbusha habari hii kila anaponipita, bila kuulizwa.

Aliyetangulia kuonja ubichi wa kazi zangu ni mzee mwenye nyumba. Ijumaa moja, akisubiri mwenzake watoke pamoja kwenda msikitini, aliegemea ukuta nilikosimamisha picha ya bahari ya Kunduchi. Alipogeuka, Kunduchi nzima ilikuwa begani kwenye kanzu. Nikaona nimtulize kwa elimu. Nikamweleza kwamba buluu ile, zamani, ilisagwa kutoka kwenye jiwe lililochimbwa milima ya Afghanistan, ikasafirishwa hadi Ulaya na kushindana na dhahabu kwa bei, mpaka walipopata namna ya kuitengeneza kiwandani miaka ya 1820. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zake zote.

“Na sabuni yake,” akauliza, “wanachimba wapi?”

Mkewe yeye aliingilia upande wa brashi. Alinikuta karoni nikizisafisha, akaishika moja, akapitisha kidole kwenye ncha. “Mwanangu, haya manyoya ya mnyama gani, magumu hivi?” Mtu mwenye akili angesema farasi. Brashi nzuri za rangi za mafuta ni za manyoya ya nguruwe, maana ni magumu na ncha zake zimepasuka kidogo, zinabeba rangi nzito bila kulegea, na yote hayo nikamweleza, pamoja na sababu. Mwambao huu ni wa Mashafii na hukumu inajulikana: mara saba, moja kwa udongo. Nikaosha karo, ndoo, kata na beseni, mama amekaa kigodani ananihesabia. Nilipofika ya tano simu yake ikaita, na alipomaliza kuongea hakukumbuka tulikuwa ya ngapi. Tukaanza upya. Sasa natumia brashi za nailoni. Kwamba rangi yenyewe ilikuwa ikifungwa kwenye vibofu vya nguruwe, kabla Mmarekani John Goffe Rand hajabuni tyubu ya bati laini mwaka 1841, ni historia niliyoamua kubaki nayo mwenyewe.

Halafu yale matambara. Ya kufutia mafuta ya kitani huanikwa yakiwa yametandazwa, nami niliyatandaza ukutani. Mpangaji wa chumba cha pili, mtu wa usafi kupindukia, akayakusanya, akayafinyanga, akayashindilia kwenye ndoo ya plastiki. Mafuta yale yakivuta oksijeni hutoa joto. Tambara likiwa wazi joto linakwenda na upepo, likifinyangwa linakosa pa kutokea, linajilimbikiza mpaka tambara linawaka lenyewe. Saa kumi jioni ndoo ikaanza kutoa moshi uani, hakuna jiko, hakuna kiberiti, hakuna mtu.

Moto usiowashwa na mtu, kwa watu wa ua wetu, una maelezo yake tayari, na oksijeni haimo. Nilijaribu kuitaja. Bibi mmoja akanitazama kwa huruma, akasema hata wao wana majina mengi. Tukamwaga maji, mzee akaanza kusoma, na mama akatoka na chetezo cha ubani kikifuka makaa, akaanza kuzungusha ua mzima, kona kwa kona. Sikuwa na ubishi tena. Niliomba jambo moja tu, kwamba asikaribie chupa yangu ya tapentaini, na ombi hilo likawathibitishia wote kuwa nilikuwa najua ninachokificha mle.

Amani ilirudi mama alipotaka achorwe yeye. Sharti lake ni kwamba picha iwe tayari Idi, na sura iwe ya msichana. Sasa, rangi za mafuta zina kanuni moja: tabaka la chini liwe na mafuta kidogo, la juu liwe nayo zaidi, na lisipakwe la juu la chini likiwa bado linajivuta, kwani la juu likiwahi kukauka litapasuka. Lakini kanuni hiyo haijui Idi. Kila tabaka nililipaka juu ya lenzake bichi, mama yuko mlangoni anauliza lini, lini. Ikaisha kwa wakati. Ikatundikwa sebuleni, shavu laini kama yai, na wageni wote wa Idi wakasifu.

Idi ya mwaka uliofuata akaja dada yake kutoka Bagamoyo. Nyufa zilikuwa zimekwisha kutambaa, nyembamba, kwenye pembe za macho, kwenye paji la uso, mbili zimeshuka kutoka puani mpaka mdomoni. Dada akasimama mbele ya picha, sahani ya pilau mkononi, akaitazama sana.

“Mashaallah,” akasema. “Sasa ndiyo wewe.”

Mpaka leo hawasalimiani. Mimi nimesamehewa, ila mama ameniagiza nimpige pasi uso wote kabla ya Ramadhani.