Sifa za Raba Inayobana

Kiatu kinachokaa vizuri mguuni hakina cha kusifiwa, maana mwenyewe hukisahau kabla hajafika stendi. Kinachostahili heshima ni raba ya ngozi ya kike inayobana gumba na kuchubua kisigino, ile iliyonunuliwa asubuhi pale Sabasaba, Dodoma, kwa kauli moja ya muuzaji: “Itaachia tu dada, hii ngozi.” Mji huu wa ofisi una ripoti na tathmini za kila namna, lakini hakuna inayofika haraka na kwa ukweli kama ya raba hiyo. Mtumishi anayeshuka Mji wa Serikali, Mtumba, huwa ameshaipata ripoti hiyo kabla ya geti, bila kikao wala posho.

Watakaopinga watauliza: si anunue namba yake tu? Namba ipi? Nyuma ya ulimi wa raba moja unaweza kukuta 38 ya Ulaya, 5 ya Uingereza na 7 ya Marekani. Ya Ulaya hupanda kwa theluthi mbili za sentimita, ya Uingereza kwa theluthi moja ya inchi, kwa hiyo haziwezi kulingana sawasawa, na kila kiwanda kina jedwali lake. Tena namba hizo zinahesabu urefu, kana kwamba mguu hauna upana, na kana kwamba wa kushoto ni pacha wa kulia. Marekani, tangu miaka ya 1920, kuna kifaa cha Charles Brannock kinachopima urefu na upana pamoja. Kifaa cha sokoni kwetu ni kipande cha boksi kilichotandikwa juu ya vumbi jekundu, mteja asimame soli isichafuke. Na kama raba ni ya mtumba, ndani yake mna bonde lililochimbwa na gumba la mwanamke wa nchi nyingine, na ngozi imeshakunjamana kwa mwendo wake. Namba haitaji lolote kati ya hayo. Raba ikibana, inayataja yote.

Muuzaji naye hasemi uongo mtupu. Ngozi ikipata joto na jasho huachia, ila kwa upana; urefu umeshikiliwa na soli, na hata fundi viatu hodari hana kubwa la kuufanya. Basi nusu ya kauli yake ni kweli, na hicho si kiwango kibaya katika biashara. Nani amcheke, katika mji ambao TANU iliamua 1973 uwe makao makuu, na Serikali ikaanza kuhamia kweli kweli baada ya tamko la 2016? Dodoma yenyewe iliambiwa itaachia, na imeachia.

Pingamizi zito ni la afya: malengelenge, sugu, kucha kuwa nyeusi. Silipuuzi. Lakini lawama hapo si ya raba, iliyosema tangu hatua ya kwanza. Ni ya anayepokea taarifa kisha akaifungia kabatini, tabia ambayo makao makuu yoyote yanaijua. Mwenye kulaumiwa zaidi ni raba inayopwaya. Hiyo hukubembeleza dukani, kisha mguu unateleza ndani yake kutwa nzima, na mwanafunzi wa UDOM anayepanda na kushuka vilima vya chuo anagundua jioni kwamba kisigino kimeshachubuka.

Asiyetaka kusemwa na raba aende sokoni alasiri, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa joto na kusimama, akiwa na soksi zake za kila siku. Avae zote mbili, afunge kamba, atembee nje ya lile boksi, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole. Akiambiwa itaachia, aulize: upana au urefu?