Pima nchi kwa mtumbwi

Andaa vifaa kwanza. Saa ya mkononi, daftari la kurasa mia, kalamu mbili kwa sababu moja itaangukia majini, kipimajoto kidogo na kandambili. Viatu vya ofisini viache Kibiti mjini pamoja na taarifa ya robo mwaka. Taarifa ile ina kazi yake na walioijaza wamejituma, ila leo huendi kusoma karatasi. Unakwenda kujua kama mfumo wa afya wa nchi yako unaimarika, na kazi hiyo inaanzia kwenye tope.

Fika Nyamisati alfajiri, usalimie, kisha uulize: maji yanajaa saa ngapi? Usiulize umbali. Katika delta ya Rufiji, kwenye msitu mkubwa wa mikoko kuliko yote ya Afrika Mashariki, kilomita haimsaidii mtu. Kijito kinachopitisha boti ya injini maji yakijaa hugeuka tope yakipwa, na boti inakaa pale, na abiria wanakaa pale, na mgonjwa naye anakaa pale. Kwa hiyo andika dakika. Ziandike mara mbili, za maji kujaa na za maji kupwa, kisha chukua ile namba kubwa. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Damu haina habari za bamvua wala maji mafu.

Ukiwa njiani tazama simu yako. Serikali imeweka namba ya bure 115, ya mpango wa m-mama, ili mjamzito au mtoto mchanga aliyezidiwa apatiwe usafiri wa dharura. Ni mpango mzuri mno. Usiipige kwa majaribio, kuna mwenye shida anaihitaji laini hiyo. Wewe angalia tu kama mtandao unashika, na kila unapopotea weka nukta kwenye daftari. Zile nukta ni ramani ya kazi iliyobaki.

Sasa umefika zahanati. Ukuta umepakwa rangi, kibao cha uzinduzi kipo, hongereni. Pita. Nenda kwenye jokofu la chanjo na kipimajoto chako: kati ya nyuzi 2 na 8 mfumo uko hai, juu ya hapo anza kuuliza habari za sola, betri na mafuta. Omba kuonyeshwa dawa mseto ya watoto, kipimo cha haraka cha malaria, na sindano ya kuzuia damu kwa mzazi. Zionekane kwa macho, zishikwe kwa mkono. Halafu uliza swali ambalo halimo kwenye fomu nyingi: jana usiku nani alilala hapa? Muuguzi anayeishi kisiwani anahitaji nyumba isiyovuja, maji yasiyo ya chumvi na shule ya mwanawe. Tembelea nyumba yake kama atakukaribisha. Nyumba ya muuguzi ni miundombinu ya afya sawa na chumba cha kujifungulia, na mimi naipa alama nyingi kuliko lango.

Ukimaliza, utaletewa vitabu vya MTUHA, yaani rejesta za taarifa za huduma za afya. Visome kwa heshima, mistari ile imejazwa na mtu mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni. Lakini kumbuka jambo moja: kitabu kinamjua aliyevuka kizingiti. Mtoto aliyefia kwenye dungu, katikati ya mpunga, hayumo. Na hapa Rufiji familia nyingi huhama msimu wa kilimo, zikaishi madunguni bondeni zikilinda shamba dhidi ya ndege na nguruwe, miezi kadhaa, mbali na zahanati ambayo kwenye ramani ni ya kwao.

Kwa hili Warufiji waliufundisha ulimwengu somo. Miaka ya 1990 Wizara ya Afya, pamoja na kituo cha utafiti wa maendeleo cha Kanada, IDRC, walianzisha mradi wa TEHIP katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini. Swali lao lilikuwa la nyumbani kabisa: fedha ya wilaya inakwenda kwenye magonjwa yanayoua watu? Kujibu, walihitaji kujua watu wanakufa kwa nini hasa. Tangu mwishoni mwa 1998, katika vijiji vya kaskazini mwa mto, wadodosaji walipita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi minne. Nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Penye msiba walirudi baadaye, wakakaa mkekani na wafiwa, wakauliza taratibu: homa ilianza lini, alitapika, alipata degedege, mlimpeleka wapi kwanza?

Majibu yalitikisa mazoea. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba watoto wa pwani wanakufa kwa degedege kwa sababu wazazi wanakimbilia kwa mganga wa kienyeji. Wafiwa wa malaria wa 1999 hadi 2001 walipoulizwa, karibu wanane kati ya kumi walikuwa wameanza kwa tiba ya kisasa. Soma sentensi hiyo tena, ndugu mpimaji, maana mimi kila nikiisoma nakosa raha. Wazazi wale walituamini. Walibeba mtoto, wakafuata dawa, na mtoto akafa. Kwa hiyo ukikuta mpango wenye kipimo kimoja tu, cha jamii "kuelimishwa", ongeza kipimo cha pili: je, aliyeelimika akifika, anakuta nini?

Takwimu zile zilipochorwa kwa vielelezo ambavyo timu ya wilaya inavielewa kwa kutazama, makosa ya bajeti yalijitokeza yenyewe. Morogoro, malaria ilikuwa inabeba asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea na kupewa asilimia 5 ya bajeti ya afya ya 1996. Wilaya zikapanga upya: vyandarua vyenye dawa, mafunzo ya kumtazama mtoto mgonjwa mzima badala ya ugonjwa mmoja mmoja. Matumizi ya afya yalikuwa kama dola 8 kwa mtu kwa mwaka; mradi uliongeza senti 80 hivi. Rufiji, vifo vya watoto wachanga vilishuka kutoka 100 kwa kila vizazi hai 1,000 mwaka 1999 hadi 72 mwaka 2000. Tofauti hiyo ya 28 iandike kwa tarakimu kubwa. Ni watoto waliopewa majina.

Utaambiwa pia upime kwa fedha, yaani anayefikia lengo alipwe. Mkoa wa Pwani ulijaribu hilo kuanzia 2011, kwa ufadhili wa Norway: wahudumu walipata malipo ya nyongeza kila baada ya miezi sita kwa kufikia malengo. Watafiti walipolinganisha na wilaya za jirani, kujifungulia kituoni kulipanda kwa zaidi ya asilimia 8, na wajawazito waliopewa SP ya kuzuia malaria nao waliongezeka. Huduma nyingine nyingi zilizolengwa hazikuonyesha tofauti ya wazi. Lipa, ndiyo, mhudumu anastahili. Lakini fedha ya lengo haimpandishi mama kwenye boti isiyokuwapo.

Kipimo kigumu kuliko vyote hukipangi wewe, kinakuja na mto. Aprili 2024 mafuriko yalizamisha mashamba na makazi Rufiji na Kibiti, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikafuata pwani hiyohiyo. Nenda ukaulize waliokuwapo. Zahanati ilifungwa siku ngapi? Dawa zilihamishiwa wapi, na nani alizibeba? Mgonjwa wa TB na mwenye kutumia ARV walikatishwa dozi, au kuna aliyewafuata kwa mtumbwi kambini? Nijuavyo mimi, hakuna kipimo cha uimara kinachoshinda hesabu ya siku hizo, na afadhali iandikwe sasa, wakumbukao wakiwapo.

Jua likianza kushuka, rudi Nyamisati kabla maji hayajapwa. Funga daftari kwenye mfuko wa plastiki. Baada ya miezi minne rudi kijiji kilekile, mlango uleule, upige hodi, ukae mkekani, uulize nani yupo. Kama yule mtoto mchanga uliyemkuta safari iliyopita ameanza kukaa mwenyewe, mshike mkono kwanza, ndipo uandike.