Namna ya Kurekodi Riwaya ya Kirusi Kasulu Bila Posho

Uliza kwanza kuhusu posho, ili shauri hilo liishe mapema. Hakuna. Hakuna posho ya kikao, hakuna nauli, hakuna fulana wala kofia, na ile soda na sambusa ya saa nne utajinunulia mwenyewe. Kwa mtu wa Kasulu au Kibondo habari hii si nyepesi kumeza. Tangu miaka ya 1990 wilaya hizi zimepokea wakimbizi wa Burundi na Kongo, na nyuma yao yakaja mashirika yenye magari meupe na antena ndefu. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996. Aliyezaliwa mwaka huo leo ni mtu mzima, na amekua akijua kwamba anayejitolea husaini karatasi mbili, ya mahudhurio na ya malipo. LibriVox wanayo ile ya kwanza tu.

LibriVox ni mradi ulioanzishwa Agosti 2005 na Hugh McGuire wa Montreal, Kanada. Wazo lake ni jepesi: kitabu kilichokwisha hakimiliki kisomwe kwa sauti na yeyote apendaye, kisha kisikilizwe bure na yeyote mwenye masikio. Walianza na riwaya moja ya Joseph Conrad. Sasa wamepita vitabu 20,000. Hakuna usaili wala barua ya mtendaji wa kata. Unarekodi jaribio la dakika moja, na likisikika vizuri umeajiriwa, kwa mshahara uliotajwa hapo juu.

Baada ya hapo chagua kitabu. Wenye kiherehere hukimbilia Tolstoy. Waache. Anna Karenina ina sura 239, na Vita na Amani inazidi 350. Huo ni mradi wa kurithishana na wajukuu. Chukua Nafsi Mfu ya Nikolai Gogol, ya mwaka 1842, ambayo sehemu yake ya kwanza ina sura 11. Ni habari za bwana mmoja, Chichikov, anayezunguka vijijini akinunua wakulima watumwa waliokwisha kufa. Marehemu hao bado wamo kwenye orodha ya serikali mpaka sensa nyingine ifanyike, na wenye mashamba wanaendelea kuwalipia kodi. Chichikov anataka awakusanye kwa bei ya kutupa, kisha awaweke rehani serikalini kana kwamba wanapumua. Mtanzania aliyekuwa macho mwaka 2016, serikali ya Magufuli ilipokuwa ikisaka watumishi hewa kila halmashauri, hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Maandishi yenyewe utayapata kwa Kiingereza, katika tafsiri ya zamani ya Hogarth. Najua utatamani Kiswahili. Gogol tunaye kwa Kiswahili, kwani Christon Mwakasaka alituletea Mkaguzi Mkuu wa Serikali, lakini hiyo ni tamthilia, na tena ina mwenyewe. Ukiisoma mtandaoni bila ruhusa utakuwa umefanya hasa yale ambayo Gogol alikuwa akiyacheka. Anza na Kiingereza ujifunze kazi. Baadaye ukijitafsiria mwenyewe na kuiachia dunia bure, hakuna atakayekushika shati.

Majina ya Kirusi yasikutishe. Watangazaji wetu wa mpira walishinda misimu kadhaa wakimtaja Mrundi Saido Ntibazonkiza, kwanza akiwa Yanga na baadaye Simba, wakilitamka jina lile mbio mbio huku mpira ukielekea golini. Na hao wengi wao walikuwa watu wa Dar es Salaam. Wewe Muha, ambaye jina la namna hiyo ni la jirani yako, utashindwaje na Sobakevich? Shida ya Warusi ni kwamba mtu mmoja ana majina matatu na kila anayeingia mlangoni humwita kwa jingine. Hilo nalo unalijua: kazini ni Bwana Afisa, mtaani ni Baba Neema, kwa mama yake ni jina ambalo hataki ulisikie.

Mkiwa wengi, gawaneni sura, Kasulu wachukue witiri na Kibondo shufwa. Ila nawasihi msiunde kamati. Mkiunda kamati mtapata mwenyekiti, katibu, na mweka hazina wa fedha zisizokuwepo, na mwezi wa pili mtakuwa bado mnajadili mgeni rasmi wa uzinduzi ilhali Chichikov hajafika hata kwenye nyumba ya wageni. Anayehitajika ni mtu mmoja tu wa kuandika nani kachukua sura gani, na kuwakumbusha wanaosema “iko njiani.”

Sasa tuje kwenye ukimya. Masharti yanataka kila faili liishe kwa sekunde tano za kimya kitupu. Utakapojaribu kuzipata utatambua kwamba sura zote 11 zilikuwa rahisi. Mvua huanza Oktoba na kutuachia Mei, na juu ya bati mvua ya milimani hairuhusu hata watu wawili kusikilizana mezani, sembuse maiki. Ukisubiri kiangazi, harusi nazo zilikuwa zinakisubiri. Kasulu ndiko makao makuu ya Dayosisi ya Western Tanganyika ya Kianglikana, na penye dayosisi kuna kwaya, na kwaya hufanya mazoezi. Kabla ya gridi ya taifa tulikuwa na jenereta za dizeli za kulaumu. Siku hizi lawama zimebaki kwa bodaboda, jogoo, na mashine ya kusaga unga wa muhogo. Waliokomaa hurekodi kati ya saa nane na saa kumi usiku, wakishampa mbwa chakula kizito.

Chumba bora kuliko vyote ni stoo ya maharage. Usicheke. Magunia yaliyopangwa hadi darini hunyonya mwangwi vizuri kuliko ukuta wowote wa studio, na Kasulu maharage hayajawahi kuwa adimu. Weka kigoda katikati, maiki juu ya debe lililofunikwa kitenge, taa ya kichwani, na tishio kwa watoto. Soko likipanda bei studio yako itauzwa gunia moja moja, na msikilizaji makini atasikia sauti yako ikizidi kuwa na mwangwi kadiri sura zinavyosonga. Maliza kabla bei haijapanda.

Mambo ya kiufundi ni haya na hayabishaniwi: MP3 ya kilobiti 128, hetsi 44,100, mono, sauti karibu na desibeli 89. Programu ya Audacity ni ya bure. Msomaji wa kawaida humaliza maneno kama 9,000 kwa saa, na kukata makosa huchukua muda huo mara mbili au tatu. Kunywa maji ya uvuguvugu. Kutuma faili ni kwa bando lako.

Nitakaa kidogo kwenye sura ya tatu, maana ndiyo itakayokutambulisha. Humo yumo Korobochka, mjane mwenye shamba, ambaye Chichikov anamwangukia usiku wa mvua. Asubuhi anamwomba amuuzie wafu wake 18. Mama yule hashtuki kwa dhambi. Anashtuka kwa biashara. Anauliza kama wanatakiwa kufukuliwa. Anawaza huenda wakafaa kwa kazi fulani pale nyumbani. Chichikov anamweleza kwamba asali aliyouza juzi ilimtoa jasho, kumbe hawa ni fedha ya bure, wapi. Hofu ya mama ni moja, kwamba hajawahi kuuza bidhaa hii na hajui mjini inaendaje. Anajaribu hata kumgeuzia katani badala yake. Msomaji wa Dar atamsoma Korobochka kama mpumbavu, na atakosea. Wewe umewaona wauza asali wa Kibondo mbele ya mlanguzi aliyekuja na lori. Unajua ile sauti ya chini, ya kinyonge, isiyokataa wala kukubali, huku jicho likipima matairi. Msome kwa sauti hiyo. Mwishowe anapokea rubli 15 kwa wote, kisha hapati usingizi, anafunga safari hadi mjini kuulizia bei, na maswali yake yanachangia kumfukuzisha Chichikov. Yule bwana mwenye akili aliangushwa na mama aliyetaka kujua bei ya soko.

Lafudhi yako iache kama ilivyo. Anayehakiki faili hana ruhusa ya kukusahihisha matamshi ya kwenu; yeye husikiliza kama umerudia mstari, umeruka ukurasa, au mbuzi ameingia. Akikuandikia kwamba dakika ya 14 kuna “mnyama,” usimwambie ni mnyama gani. Rekodi upya.

Mtego uko sehemu ya pili. Gogol mwenyewe aliitia moto Februari 1852, siku chache kabla ya kufa, na tulichonacho ni vipande vya rasimu vyenye mapengo. Kipande cha mwisho kinakatika katikati ya sentensi, gavana mkuu akiwa amewakusanya watumishi wake na kuwahutubia juu ya rushwa. Usimmalizie, hata kama hotuba za aina hiyo umezisikia nyingi na unajua zinavyoishia. Soma mpaka neno la mwisho lililopo, nyamaza sekunde tano, tuma. Mhakiki atalirudisha faili akisema limekatika, na kwa huruma atauliza kama huko Kibondo umeme ulizimika. Mjibu kwamba umeme ulikuwepo.