Sifa za Kelele Isiyohongeka

Wakorofi wa ndani ya saketi ni wengi, na karibu wote hunyamazishwa kwa kitu kidogo. Mvumo wa umeme wa ukutani hupewa ngao ya chuma ukatulia. Kipuri kibovu hubadilishwa. Kelele ya joto peke yake ni mtoza ushuru asiyepokea rushwa, na kwa hilo nadai inastahili kusifiwa. Itazame kazini, katika saketi ya swichi na kapasita, ile inayochukua sampuli za mawimbi kabla hayajageuzwa kuwa tarakimu. Swichi ikiwashwa, kapasita hujaa chaji, na elektroni zinazotikiswa na joto huifanya volti ichezecheze. Swichi ikizimwa, mchezo husimama ghafla na volti ya nukta ileile hunaswa. Kwa kapasita ya pikofaradi 1, katika joto la kawaida la chumbani, kosa hilo ni kama mikrovolti 64, yaani elektroni 400 hivi, ziwe zimezidi au zimepungua. Fundi mjanja atasema: basi nipunguze ukinzani wa swichi. Apunguze! Ukinzani mdogo huzaa kelele ndogo kwa kila hezi, lakini huruhusu hezi nyingi zaidi kupita kwa kiwango kilekile, na jumla haitetereki. Chukua namba ya Boltzmann, zidisha kwa halijoto, gawa kwa ukubwa wa kapasita, tafuta kipeuo cha pili: ukinzani haumo kabisa. Swichi ghali na swichi rahisi hutozwa sawa. Ni ofisi ngapi zinaweza kujisifu hivyo?

Wenye betri hunung'unika kwamba ukitaka kelele nusu, kapasita ikue mara 4, na umeme wa kuijaza vivyo hivyo. Kweli, lakini mbunifu huijua gharama hiyo akiwa bado na kalamu na karatasi, kabla chipu haijatengenezwa. Wengine hukimbilia baridi: nitrojeni kimiminika, kelvini 77, huipunguza takriban nusu tu, maana kipeuo hakina huruma. Hoja nzito ni ya kamera. Baadhi ya vihisi vya picha husoma kapasita mara mbili, kabla na baada ya kupokea chaji ya mwanga, kisha hutoa namba moja kwenye nyingine, na kelele iliyonaswa ikafutika. Nakubali. Ila hila hiyo hufaulu kwa kuwa kelele ikishanaswa haigeuki kati ya usomaji wa kwanza na wa pili. Imeshindwa kwa kushika neno lake. Na wasemao haina faida wamkumbuke John B. Johnson wa Bell Labs: mwaka 1928 alichapisha vipimo vyake vya kelele hii, akaitumia kukadiria namba ya Boltzmann, huku Harry Nyquist akieleza nadharia yake. Siku hizi vipo vipimajoto vinavyosikiliza kelele ya rezista tu vikataja halijoto yake, bila kusahihishwa kwanza na kipimajoto kingine.